Richard Pryor, Kumi Hadi Moja

Orodha ya kumi bora isiyomfanya mtu apandishe sauti haina kazi, kwa hiyo kaeni mkao wa kubisha. Leo tunamhesabu Richard Pryor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Peoria, jimbo la Illinois, tarehe 1 Desemba 1940, akafariki Los Angeles tarehe 10 Desemba 2005, na katikati ya tarehe hizo akaonyesha kwamba mtu mmoja mwenye maiki anaweza kubeba mtaa mzima mgongoni bila kumwangusha hata mlevi mmoja.

Alilelewa na bibi yake, Marie Carter, mwanamke wa shoka aliyemiliki danguro. Mama yake mzazi alifanya kazi humohumo. Baba yake alikuwa bondia wa zamani. Mtu akianza kukusimulia kwamba amekulia mazingira magumu, mwambie asubiri foleni, Richard bado hajamaliza.

Ninachoamini nakisema mapema ili mjue pa kunishikia: Pryor alikuwa mwandishi kwanza, mchekeshaji baadaye. Kalamu yake ilikuwa sikio. Aliwasikiliza makahaba, wacheza pool, wahubiri, polisi na wavuta unga, akashika hata namna wanavyovuta pumzi, kisha usiku baada ya usiku akawajaribu jukwaani pale Comedy Store, Los Angeles, hadi kila mmoja akaweza kusimama mwenyewe. Wachekeshaji wengi waliomtangulia waliwataniatania watu wa chini. Yeye aliwapa maiki. Namba zote hapa nimezipanga kwa kipimo hicho.

Haya, kumi.

10. Superman III (1983)

Tuanze na pesa, maana pesa hizi zililetwa na mdomo. Pryor alikwenda kwenye kipindi cha Johnny Carson akaisifia Superman II bila kubakiza. Watayarishaji wakamsikia, wakamtafuta, wakampa dola milioni 4 acheze Gus Gorman, mtu asiye na kazi anayegundua kwamba ana kipaji cha kompyuta. Wewe umesifia filamu ngapi, na nani amekupigia simu?

Filamu yenyewe ina shida: Superman anaruka, Pryor anachekesha, na hadithi haijui imfuate nani. Lakini mwaka huohuo Columbia Pictures ikasaini naye mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 40. Huyu ni mtoto aliyefukuzwa shule akiwa na miaka 14, akang'arisha viatu, akafagia klabu ya usiku, akafanya kazi ya kufungasha nyama. Nafasi ya kumi ni ya mshahara. Filamu imepewa lifti.

9. Vipindi vinne tu vya NBC (1977)

NBC ilimpa Pryor kipindi chake mwenyewe, Jumanne, saa ambayo watoto wa Marekani hawajapelekwa kulala. Aliyepanga ratiba ile alikuwa jasiri, au hakuwa amewahi kusikiliza albamu hata moja ya Pryor.

Ugomvi ulianza kabla kipindi cha kwanza hakijaruka hewani. Pryor alirekodi utangulizi akisema kwamba ili apate kipindi hiki hakupoteza chochote. Kamera ikarudi nyuma taratibu, akaonekana kama yuko uchi na kuna kitu hakipo. Alikuwa amevaa vazi la kubana la rangi ya ngozi. NBC ikakata. Baada ya vipindi vinne, kwaheri.

Lakini vinne vile! Ndani yake kuna Rais wa 40 wa Marekani, mtu mweusi, akijibu maswali ya waandishi wa habari. Anaanza kwa utulivu wote wa kiserikali, na kila swali likija, Rais anazidi kuwa mtu wa mtaani kwao, mpaka mkutano unavunjika kwa ngumi. Hiyo ni miaka 31 kabla Barack Obama hajachaguliwa. Kijana mmoja asiyejulikana, Robin Williams, alikuwa miongoni mwa waigizaji. Kuna vipindi vya misimu kumi ambavyo leo hatukumbuki hata jina.

8. Mikono ya Nina Simone

Pryor aliingia New York mwaka 1963, na klabu za Greenwich Village zikaanza kumpa dakika chache chache. Kwenye mojawapo, Village Gate, alipangiwa kumtangulia mwimbaji Nina Simone. Simone mwenyewe alisimulia baadaye: yule kijana alikuwa akitetemeka mwili mzima kabla ya kupanda. Akashindwa kumwangalia tu. Akamkumbatia gizani pembeni ya jukwaa, akambembeleza hadi akatulia. Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa vilevile.

Kumbukeni tunayemzungumzia. Nina Simone alikuwa mtu wa kusimamisha wimbo na kumkemea mteja anayepiga soga. Ukumbi mzima ulimwogopa, na huyo ndiye aliyekubali kuwa mlezi wa zamu. Kwa wote wanaodhani mchekeshaji huzaliwa bila aibu: mkubwa wao alihitaji kubebwa.

7. Kushuka jukwaani Las Vegas (1967)

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Pryor alikuwa ameshapata njia ya kula. Kielelezo chake kilikuwa Bill Cosby: suti nadhifu, visa visivyomkera mtu, tabasamu la kuonyesha meno yote. Alionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, akaonekana kwenye kile cha Merv Griffin, na kila mzazi wa Kizungu angeweza kumkaribisha chakula cha jioni bila kuficha vijiko.

Septemba 1967 akapanda jukwaa la hoteli ya Aladdin, Las Vegas. Ukumbi umejaa. Mwimbaji Dean Martin yumo kati ya watazamaji. Pryor akawatazama, akajiuliza kwa sauti, na kwa tusi zito, yeye anafanya nini pale, akaondoka. Hakuna kisa, hakuna kuaga. Onyesho fupi kuliko yote aliyowahi kufanya, na mimi nalihesabu kati ya yale bora.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kukimalizia hapo, eti alitoka nje akiwa mtu mpya. Haikuwa hivyo. Alirudi kwenye kazi, akayumba, akala nusu na kutema nusu kwa miaka kadhaa. Kilichomgeuza ni Berkeley, California, alikohamia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko alikaa na waandishi weusi, kina Ishmael Reed na Cecil Brown, akasoma Malcolm X, akairudia albamu ya Marvin Gaye ya What's Going On mpaka majirani wakaijua kwa moyo, nadhani, watake wasitake. Akapanda kwenye klabu ndogo na kujaribu kusema bila kuomba radhi. Mwandishi alikuwa anajifunza sauti yake, na somo hilo halilipi kodi ya nyumba. Aliyekuwa na njia ya kula akaiacha ili akajifunze kuongea.

6. Sherifu aliyeandika, farasi akapanda mwingine (1974)

Hapa ndipo nataka wale wanaomjua Pryor kwa filamu tu wasogee karibu.

Mel Brooks alipotaka kutengeneza Blazing Saddles, filamu ya kuchekesha kuhusu sherifu mweusi anayepelekwa kwenye mji wa Wazungu watupu, alimwita Pryor chumba cha waandishi. Walikuwa watano: Brooks, Pryor, Andrew Bergman, Norman Steinberg na Alan Uger. Unategemea Pryor ndiye aliyeandika mambo yote ya sherifu mweusi, sivyo? Brooks alisimulia mara nyingi kwamba Pryor alinogewa kumwandika Mongo, lile jitu la Kizungu lenye nguvu nyingi na akili taratibu, linalompiga farasi ngumi akaanguka. Mpe Pryor mtu anayedharauliwa, wa rangi yoyote ile, atamtafutia maneno.

Brooks alimtaka awe sherifu pia. Warner Bros. ikakataa: anatumia dawa, haaminiki. Nafasi akapewa Cleavon Little, na aliicheza vizuri sana, hilo silibishi. Filamu ikawa moja ya vichekesho vilivyoingiza fedha nyingi zaidi Marekani, na waandishi wake wakapata tuzo ya chama cha waandishi. Kwa hiyo Pryor alifaa kumwandika shujaa, hakufaa kuwa shujaa. Kama ni harusi, kapika pilau, kashona nguo ya bwana harusi, halafu mlangoni anaambiwa kadi yake haionekani.

Na haikuwa kazi yake pekee ya kalamu. Aliandika kwa ajili ya mchekeshaji Flip Wilson. Yeye na rafiki yake mkubwa, Paul Mooney, waliandikia Sanford and Son, kipindi cha mzee muuza vyuma chakavu kilichochezwa na Redd Foxx. Wamarekani wengi walikuwa wakicheka maneno ya Pryor majumbani mwao na hawakujua ni ya nani.

5. Mudbone, mzee wa Tupelo (1975)

Kila baraza lina mzee mmoja ambaye habari zake robo ni kweli, robo tatu ni chumvi, na hakuna anayethubutu kumkatiza. Pryor alimpa mzee huyo jina: Mudbone, kutoka Tupelo, Mississippi. Alisikika kwa mara ya kwanza kwenye albamu ya mwaka 1975, nayo ikachukua Grammy, kama ile ya 1974 iliyotangulia na ya 1976 iliyofuata.

Sikilizeni ufundi wake. Pryor alikuwa na miaka 34 tu, lakini Mudbone akifungua mdomo unasikia meno yaliyopungua, unasikia mate, unasikia mtu aliyeamka kabla ya jua kwa miaka hamsini. Anasimulia kuhusu rafiki yake aliyerogwa na safari ya kwenda kwa mganga, Miss Rudolph, mwanamke ambaye hata mlango wake unaogopesha. Hakuna mstari unaotangulizwa ili ucheke. Kicheko kinatoka kwenye jinsi mzee anavyolaza neno. Mwandishi wa riwaya angetumia kurasa thelathini kumjenga mtu huyu. Pryor anatumia kikohozi kimoja.

Nami nawapenda ndugu zake Mudbone pia, hasa mlevi wa albamu ya 1974. Ni Jumapili asubuhi, mlevi amesimama njia panda anaongoza magari ambayo hayajamwomba. Anakuja kijana mvuta unga, ameisha, hata kusimama hawezi. Wanaanza kutupiana maneno na ukumbi unavunjika mbavu. Kisha kijana anaanza kusema kwa nini yuko vile, na kicheko kinapungua chenyewe. Pryor haharakishi. Anamwacha kijana amalize. Kwenye onyesho la vichekesho, watu wamelipa kiingilio, na yeye anawaacha wasicheke. Mnaobisha kwamba huyu si mwandishi, jibuni hilo kwanza, halafu mje kwenye namba nne.

4. Sanamu ya Emmy ilikohamia

Fupi hii, maana haihitaji maneno mengi.

Peoria kulikuwa na kituo cha jamii kiitwacho Carver, na ndani yake mwalimu wa maigizo, Juliette Whittaker. Richard alifika akiwa kijana mwembamba asiye na shule, akaomba nafasi yoyote. Akapewa kijinafasi kwenye mchezo wa Rumpelstiltskin. Siku moja aliyecheza mfalme hakuja. Richard alikuwa ameshakariri maneno ya watu wote, akakalia kiti, na kiti hakikurudishwa.

Mwaka 1974 Pryor alipata Emmy kwa kuwa mmoja wa walioandika kipindi maalumu cha mchekeshaji Lily Tomlin. Sanamu akampelekea Bi Whittaker. Walimu wengi hupelekewa salamu.

3½. Kiti cha Comedy Store

Nani amesema nusu haziruhusiwi?

Mwaka 1986 madaktari walimwambia ana multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu aliyechekesha kwa magoti, mabega na shingo, ugonjwa ulikwenda moja kwa moja kwenye vifaa vya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alirudi Comedy Store akasaidiwa kupanda, akaketi, akachekesha kuhusu mwili unaogoma. Mwaka 1998 kituo cha Kennedy mjini Washington kilianzisha tuzo ya Mark Twain kwa wachekeshaji, na wa kwanza kabisa kupewa akawa yeye. Walijua tuzo inaanzishwa mara moja tu.

3. Moto (1980), na bomba linaloongea (1982)

Tarehe 9 Juni 1980, nyumbani kwake Northridge, Los Angeles, baada ya siku kadhaa za kuvuta kokeini iliyopikwa, Pryor alijimwagia pombe kali na kujiwasha. Alikimbia hadi barabarani akiungua. Zaidi ya nusu ya mwili wake uliharibika, akalazwa wiki sita. Mwanzoni ilisemekana ni ajali. Kwenye kitabu chake cha maisha, Pryor Convictions, cha mwaka 1995, alikiri kwamba hakukuwa na ajali.

Desemba ya mwaka huohuo wa moto, sinema zilijaa watu wakimwangalia yeye na Gene Wilder gerezani katika Stir Crazy. Aliyeiongoza ni Sidney Poitier, na ikawa filamu ya kwanza ya mwongozaji mweusi kupita dola milioni 100 Marekani. Mwili uko kwenye bandeji, jina liko kileleni.

Lakini namba tatu siipi moto. Naipa jukwaa la Hollywood Palladium, filamu ya Live on the Sunset Strip, 1982. Pryor yuko kwenye suti nyekundu, na kila aliyekaa pale anasubiri aguse habari ile. Kwanza anajaribu uongo ambao mtoto mdogo asingeukubali: alikuwa akila biskuti kwa maziwa, akachovya biskuti, ikalipuka. Watu wakishacheka na kufunguka, anaingia kwenye ukweli kwa mlango wa nyuma. Bomba la kuvutia linaongea. Lina sauti tamu, ya upole, ya mpenzi anayekujali kuliko ndugu zako: usipokee simu, usimfungulie mtu, hawakuelewi, kaa na mimi humu ndani. Halafu anakuja Jim Brown, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, rafiki yake, pande la mtu, na hana hotuba. Ana swali moja: utafanyaje? Richard anajitetea, analaumu, anazunguka. Utafanyaje?

Mmewahi kusoma maelezo ya uraibu yaliyo sahihi kuliko hayo? Nimesoma vitabu vinene ambavyo havifiki kwenye sauti ya lile bomba. Yeyote aliyemlea ndugu wa unga nyumbani anaijua sauti hiyo, na anajua inavyoshinda mikutano yote ya familia.

Kisha, kwa kuwa watu Marekani nzima walikuwa wamemtungia vichekesho, anawarudishia kimoja chao. Anawasha kiberiti, anakitembeza hewani kikirukaruka. Hiki ni nini? Richard Pryor akikimbia barabarani. Aliyeungua ndiye aliyeshika njiti, basi kichekesho kikawa chake, wengine wote wakabaki wakopaji.

2. Nairobi (1979)

Najua mlikuwa mnaisubiri hii, na najua wapo waliotaka iwe namba moja. Tulieni, nitaeleza.

Mwaka 1979 Pryor alikuja Kenya pamoja na Jennifer Lee, ambaye baadaye alimwoa. Alikuwa mchekeshaji mkubwa kuliko wote Marekani, na mbili kati ya albamu zake zilizoshinda Grammy zilibeba kwenye majina yao lile tusi ambalo Wazungu wa Marekani waliwaitia watumwa. Yeye na Mooney walikuwa na hoja yao: tulitumie sana wenyewe ili liishiwe makali.

Akakaa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, anatazama watu. Alivyosimulia katika Sunset Strip, aliwaona weusi wa kila rangi ya weusi wakifanya kila kazi: dukani, barabarani, kwenye magazeti, kwenye televisheni, serikalini. Sauti ndani yake ikamuuliza kama anaona pale hata mmoja wa kuitwa kwa tusi lile. Akatazama. Hayupo. Akagundua kwamba amekaa wiki tatu na hajalitamka, hajalifikiria hata. Akarudi Marekani na kusema hadharani kwamba ameliacha. Baadhi ya mashabiki wakanung'unika, kana kwamba amewanyang'anya kitu walichokilipia. Mooney mwenyewe aliendelea nalo hadi mwaka 2006.

Sisi huku tuliisikia hadithi hii tukajivika kilemba. Taratibu. Nairobi haikumwandalia kitu. Mpokeaji wageni alikuwa anapokea wageni. Askari alikuwa anaelekeza magari. Kenya ilikuwa na miaka 16 ya uhuru na Rais mpya, Daniel arap Moi, na ilikuwa na majeraha yake ya wazi: Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ametoka kizuizini Desemba 1978, alikowekwa takriban mwaka mzima bila kesi baada ya mchezo wake wa kuigiza wa Kigikuyu kule Kamirithu kuwakera wakubwa. Mcheshi wa Marekani anapata uhuru wa ulimi mjini Nairobi, mwandishi wa Kenya ndiyo kwanza anatoka jela kwa ajili ya ulimi. Yote mawili ni ya mji mmoja na majira yaleyale, na sioni sababu ya kulificha moja ili lingine ling'ae.

Ninachompendea Pryor hapa ni kwamba hakujifanya ameijua Afrika. Hakurudi na ngoma begani kutufundisha sisi ni nani. Alisema kuhusu kinywa chake mwenyewe, na mabadiliko aliyoyafanya yalimgharimu zana iliyomletea umaarufu. Mwandishi kufuta neno lake maarufu kuliko yote, tena akiwa kileleni! Wangapi wameweza? Ni namba mbili kwa sababu moja tu: alibadilika hotelini, lakini kazi aliifanya kwingine.

1. Long Beach, Desemba 1978

Richard Pryor: Live in Concert ilirekodiwa kwenye ukumbi wa Terrace, Long Beach, California, ikaingia sinema mwaka 1979. Haina hadithi, haina wimbo wa kati, haina mwigizaji wa pili. Ni mtu mmoja, shati jekundu la kung'aa na maiki, kwa zaidi ya saa moja, na Wamarekani walikata tiketi za sinema kumtazama mtu akiongea. Kila filamu ya mchekeshaji jukwaani iliyokuja baadaye, kuanzia Raw ya Eddie Murphy ya mwaka 1987, imepita mlango huu. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye hazina ya filamu za taifa.

Anaanza kabla watu hawajakaa. Wengine wanatafuta viti, na yeye tayari anawaigiza Wazungu waliotoka msalani wakakuta viti vyao vina watu weusi. Hakuna aliyesalimiwa bado, watu wameshaanza kufuta machozi.

Kisha mshtuko wa moyo aliopata mwaka 1977. Hausimulii, anaucheza. Ngumi inakaza kifuani, na moyo unapewa sauti, sauti ya mbabe wa mtaani: usivute pumzi! Richard anakubali haraka, sivuti, sivuti. Anashuka goti moja. Anajaribu kumpigia simu Mungu kwa siri, moyo unamkamata: unamwendea Mungu nyuma ya mgongo wangu? Anaanguka, anajinyonganyonga sakafuni, jasho halisi. Anazinduka kwenye gari la wagonjwa, anaona nyuso za Wazungu tupu zimemzunguka, anadhani amekufa na kupelekwa mbingu isiyo yake.

Kuna usiku alipolipiga risasi gari la mke wake. Polisi walipofika akaingia ndani upesi, maana polisi, anasema, hawaui magari. Ukumbi unacheka, halafu unasikia ulichochekea. Kuna bibi yake, Marie, akimtuma akachume fimbo ya kuchapwa nayo. Tazameni miguu ya Pryor hapo: anatembea kuelekea mtini akiwa na miaka sita, midomo inatetemeka, anabembeleza, anachagua kijiti chembamba huku akilia kabla hajaguswa. Mtu wa miaka 38 ametoweka. Wengi wetu tumetumwa kuchuma fimbo hiyohiyo, na hakuna mwalimu wa fasihi aliyewahi kutuonyesha njia ya kuelekea mtini kwa usahihi huo.

Nimeiweka juu ya yote kwa sababu humu wote wamepata maiki: bibi, moyo, polisi, mabondia, watoto, hata wanyama. Nyani aliokuwa akiwafuga walikufa, naye akakaa uani analia. Mbwa wa jirani, mkubwa, anayemkimbiza kila siku, akaruka uzio. Akamkuta kwenye hali ile. Akamuuliza kulikoni, akaambiwa, akasikitika kweli, akampa pole. Kisha akaelekea kwenye uzio kurudi kwao, na kabla hajaruka akageuka kumkumbusha Richard kwamba kesho atamkimbiza kama kawaida.